Viatu kwenye Ukuta wa Pagoda

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo masikio yananiwaka moto, na siku hiyo haikupita hapa Tanga. Ilipita mbali, Uthai, katika mji wa Chantaburi wanakouza mawe ya vito, chini ya pagoda, mnara wa ibada wa wenyeji, kongwe kuliko babu wa babu yangu. Nilikuwa kijana kama wewe. Siku ile nilikwisha kuizika, sikuwa na haja ya kuisimulia. Umeifukua wewe, Rajabu, kwa hiyo picha yako.

Ijumaa tumetoka kuswali, nimekaa barazani kwangu Raskazone, kikombe cha kahawa mkononi, simu ikalia. Picha kutoka kwako. Nikasema, mtoto wa dada yangu huyo, bila shaka kapata jiwe zuri anataka kunionyesha. Nafungua, nakuona umeipanda pagoda ya watu. Umekaa juu ya ukingo wa mnara wao, viatu miguuni, mguu huku na mguu huku kama aliyepanda punda, kifulana cha mikono wazi, na mkono umeuweka juu ya kichwa cha sanamu lao kama unampapasa mtoto. Chini umeandika, "Nimempanda babu yao." Vijana waliokuwa barazani wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Mimi nikakuandikia kwa adabu: shuka hapo. Ukanijibu, "Mjomba nawe! Si tofali tu hizi? Kosa liko wapi?"

Basi nakujibu, na jibu hili si lako peke yako. Ni la wenzio wote mnaopanda ndege siku hizi kama sisi tulivyokuwa tukipanda baiskeli, leo Uthai, kesho Uchina, mkirudi mmejaza mabegi na simu zimejaa picha za aibu.

Na ujue anayekujibu ni nani. Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikwenda siku nilizopenda. Lakini ingia mtaa wa Usagara hapa mjini umuulize mtu yeyote, Omari Mawe ni nani? Jina la Mawe sikupewa na baba, nimepewa na mji. Jiwe la Mto Umba nikiligeuza mara moja juani nimekwisha kulijua, lina moyo au lina ufa. Nyumba hii ninayokaa aliijenga Mjerumani, na babu yangu alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma kuja kufagia. Leo naingia kwa mlango wa mbele na funguo ni zangu. Utasema mjomba anajisifu. Najisifu ndiyo, nimezitolea jasho hizo sifa, niache nizivae. Ila nakwambia mapema, ujanja wangu wote wa mawe haukunifikisha popote mpaka nilipofundishwa namna ya kuingia nyumba ya mtu. Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, Mungu amrehemu.

Mzee Sefu alikuwa mtu wa Mkwaja, kijiji cha pwani, akahamia Usagara, akawa dalali wa mawe ambaye neno lake lilitosha. Wachimbaji walimletea mawe yamefungwa kwenye kitambaa, naye akiwatafutia wanunuzi. Miongoni mwa hao wanunuzi alikuwako Mthai mmoja, mtu mzima, mpole, aliyepanga chumba nyumbani kwake. Jina lake kamili ndimi zetu zililishindwa. Mwanawe alikuja naye, akaitwa Somchai, na akakaa nasi mpaka Kiswahili kikamwingia. Usagara hawana muda wa majina marefu, wakalikata jina wakamwita Chai. Akipita, watoto wanamwuliza, "Chai ya rangi au ya maziwa?" Naye bila kugeuka, "Ya rangi, maziwa ghali!" Basi yule mzee akawa Baba Chai, na mkewe huko kwao, ambaye hatujapata kumwona, naye tukamwita Mama Chai kama tuliyemjua.

Mama yake Mzee Sefu alipofariki, Baba Chai alifuatana nasi mpaka Mkwaja. Hakuna aliyemwambia vua viatu, alivivua mwenyewe pale alipoviona vya wenzake. Akakaa mkekani, miguu kaikunja, kimya, hitma ikasomwa mwanzo hadi mwisho na hajui hata neno moja. Wazee wa Mkwaja wakanong'onezana, "Huyu nani?" Wakajibiwa, "Ndugu wa mfiwa." Hakuna aliyebisha.

Baada ya muda Baba Chai akarudi kwao na mwanawe, na huko akafa. Habari ilitufikia maiti imekwisha kuchomwa kwa desturi yao na majivu yamekwisha kuhifadhiwa. Mzee Sefu aliposikia aliketi chini. Neno alilolisema lilikuwa moja tu: "Sijamhani mjane wake."

Wewe umezaliwa na simu mkononi, huenda hujui uzito wa neno hilo. Kwetu pwani, mtu akifiwa hutumi salamu ukadhani umemaliza. Unakwenda kumhani. Unakaa naye kitako, unampa pole kwa kinywa chako, anakuona uso nawe unamwona. Hata mwaka ukipita, siku mnayokutana ndilo neno la kwanza, mengine yanangoja. Usipohani, kwao huna uso tena.

Kwa hiyo Mzee Sefu alipopata mzigo wa kupeleka Chantaburi, akatuchukua vijana wake wawili, mimi na Kassimu. Kassimu ni rika langu, mzuri wa sura, na mdomo Mungu alimpa. Kila ulisemalo analo la kulipiku. Tulipofika nyumba ya wageni, sisi tukataka kufungua mkoba wa mawe twende sokoni. Mzee Sefu akauweka chini ya kitanda.

"Mkoba haufunguliwi," akasema. "Kesho asubuhi tunakwenda kumhani Mama Chai. Chai kaniambia majivu ya baba yake yako kwenye ukuta wa pagoda, na mama yake yuko huko kila asubuhi. Tutamfuata huko."

Kassimu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mzee! Sisi Waislamu tuingie nyumba ya masanamu?"

"Nani kakwambia ukaabudu?"

"Lakini tutaonekana tumo ndani."

"Utaonekana umekaa na mfiwa. Baba Chai aliposikiliza hitma ya mama yangu, alirudi Uthai kawa Muislamu?"

Mzee akaendelea taratibu, kama alivyozoea, "Sikilizeni. Imani yako iko kifuani, haitoki kwa kuvua viatu. Kesho vaeni suruali ndefu na shati la mikono. Nawieni miguu. Tukifika, tazameni wenyewe wafanyavyo kwa adabu. La adabu lifanyeni, la ibada waachieni wenyewe. Na midomo fungeni. Mgeni hachomi chaza mtaani akanuka."

Asubuhi Chai akaja kutuchukua, tukaenda. Mwanangu, mimi nimeona majumba, na nyumba yangu nimekwisha kukutajia. Lakini nilipoinua macho kuitazama ile pagoda, nilijiona mdogo. Mnara wa matofali umekaa kama kengele kubwa iliyowekwa kifudifudi, juu umechongoka mpaka ncha yake inapotea kwenye mwanga, sehemu nyingine dhahabu imebaki, nyingine imekwanguliwa na mvua za miaka. Chini kuna ukuta mfupi unaoizunguka, na ukutani kuna vijidirisha vidogo vilivyozibwa, kila kimoja na picha ya mtu, na chini ya picha kuna ukingo wa kuwekea maua. Nyuma ya kila picha kuna majivu ya marehemu. Wazee kwa vijana wanapita peku, pole pole, wanaizunguka pagoda kwa mkono wa kulia, na anayempita mkubwa wake aliyeketi anainama kidogo. Nikashangaa, kwani hivyo ndivyo tulivyofunzwa sisi kupita mbele ya wazee. Nilidhani adabu hiyo ni ya pwani peke yake.

Kwenye ngazi ya lango viatu vimepangwa safu. Mzee Sefu akavua vyake, nami nikavua. Kassimu akavua, lakini akavitia kwapani.

"Viache," nikamwambia.

"Niviache? Ijumaa iliyopita msikitini kwetu wameniibia makobazi, sembuse huku ugenini! Hivi vipya."

Sasa elewa hapa. Sote ndivyo tufanyavyo. Nani kati yetu anayeacha viatu vizuri mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa? Unavibandika soli kwa soli, unaingia navyo, unaviweka mbele yako unapoviona. Kassimu alifanya alilolizoea. Mzee Sefu alikuwa ametangulia na Chai, hakumwona.

Tukamkuta Mama Chai. Mwanamke mdogo wa umbo, kavaa nyeupe, kakaa kwenye mkeka mbele ya picha ya mumewe, miguu kaikunja kando nyayo zimetazama nyuma. Amekwisha kuweka maua. Mzee Sefu akakunja miguu akakaa, mimi nikakaa nyuma yake. Ndiyo kwanza anafungua mdomo kusema pole, na Kassimu akafika, akatafuta pa kuweka viatu. Akaona ukingo ule. Akaviweka. Juu ya ukingo, mwanangu, kando ya maua, soli zikiitazama picha ya Baba Chai usoni. Kisha akakaa na miguu akainyosha mbele, nyayo zake zote mbili ukutani.

Kwa wale watu kichwa ndicho kitukufu na mguu ndio wa chini kabisa. Kumwelekezea mtu nyayo ni tusi. Kumwelekezea marehemu, tena mbele ya mjane wake, sina neno la kukupa.

Mama Chai hakupiga kelele. Alinyanyua mkono akayachukua yale maua, akayakumbatia, akageuka akatazama upande. Kelele alipiga Chai.

"Kassimu! Toa! Toa viatu! Baba yangu hapo! Si kabati hapo, ni baba yangu!"

Watu wakasimama. Kassimu akavitwaa viatu, lakini mdomo je? "Samahani basi, mbona ukali wote huu? Si ukuta tu?"

Si ukuta tu. Si tofali tu. Unaona mnavyofanana wewe na yeye? Vizazi vinapita, ujinga unabaki na nguo zile zile.

Mzee Sefu akainuka nusu, akavua shali lake la begani, shali zuri la kwendea Idi, akaufuta ule ukingo. Akaufuta polepole, pembe kwa pembe, kama mtu anayemfuta mgonjwa uso. Kisha akamgeukia Kassimu, na sauti haikupanda hata kidogo.

"Mama yako akikuta viatu juu ya kaburi la baba yako, utamwambia ni mchanga tu?"

"Mzee, baba yangu Muislamu."

"Na uchungu wa mjane una dini?"

Kassimu akavipangusa viatu vyake vumbi.

"Hukujua, hilo nakusamehe," Mzee akasema. "Mgeni ni kipofu, hata akiwa na macho. Lakini sasa umejua. Kaa vizuri, mwombe radhi huyu mama, tuendelee."

"Nimeshasema samahani."

"Umeisema kama mtu anayefukuza nzi."

Kassimu akasimama, akavivaa viatu vyake hapo hapo ndani, ndani mwanangu, akatoka anapiga kwata kwenye sakafu ile ambayo watu wazima wanapita peku. Mimi uso sikuwa na pa kuuweka. Mama Chai naye akainuka na maua yake, akaenda zake bila kutugeukia. Pole ya Mzee Sefu ikabaki mdomoni.

Usiku ule Mzee hakula. Chai alikuja kutuambia mama yake kajifungia chumbani, na asiyetujua angesema tumekuja Uthai kumtukana mjane. Mzee Sefu akamjibu, "Kesho nitakuwa pale pale. Akija nitamhani, asipokuja nitamkalia Baba Chai." Na mkoba wa mawe haukuguswa.

Kesho yake tukaenda sisi wawili, kabla jua halijawa kali. Kassimu alibaki, kasema anakwenda kutazama soko. Tukakaa. Mama Chai akaja. Alisimama mbali akitutazama muda mrefu. Mwisho akaja akaketi mkekani, akayapanga maua. Mzee Sefu akampa pole kwa Kiswahili, Kiswahili cha Mkwaja kabisa, machozi yanamtiririka ndevuni, Chai akitafsiri anapoweza na pasipowezekana akinyamaza. Yule mama akasikiliza yote. Kisha akasema neno refu.

"Mama anasema," Chai akatuambia, "baba alikuwa anasimulia sana Mkwaja. Anasema kule walimpa mkeka wa katikati."

Hapo nami nikalia, usimwambie mtu.

Akaja mtawa wao, kajitanda shuka la manjano, na chombo cha maji na kifagio kidogo cha vijiti, anawanyunyizia waliokaa kwa dua yake. Alipotufikia, Mzee Sefu akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu. Mtawa akaelewa. Akatabasamu naye, akapita. Basi! Hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na hotuba. Aliyeshiba imani hapigi kelele nayo.

Ndipo Mama Chai akauliza, "Yule kijana mwingine yuko wapi?"

Chai akaongeza, "Mama anasema aje. Hasira imekwisha. Anataka aje akae hapa kidogo, aseme pole kwa baba, yaishe."

Mzee Sefu akanitazama tu. Niliondoka mbio. Nikamkuta Kassimu mtaa wa mawe, kakaa kibandani anakunywa soda.

"Twende, mama anakuita."

"Ananiita? Kuna polisi?"

"Polisi wa nini! Anataka ukae naye mkekani useme pole."

"Omari, mimi nikamwangukie mtu kwa ajili ya viatu? Tena vipya! Vingekuwa vichafu ningeelewa."

"Hakuna kumwangukia mtu. Kukaa tu, Kassimu. Kukaa!"

"Kesho."

"Kesho tunaondoka."

"Basi mwambie tumbo linaniuma." Akacheka, akainua chupa.

Nilirudi peke yangu, na njia nzima nilikuwa nasaga meno. Nilipoingia langoni niliwaona wangali wamekaa, na nikaona jambo ambalo sijalisahau. Mama Chai alikuwa amesogea pembeni mwa mkeka wake, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na ile picha.

Mzee Sefu akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa. Chai akauliza amwambie nini mama yake. Sikuthubutu kulitaja tumbo. Mzee akasema, "Mwambie kijana hajaja." Yule mama akaitikia kwa kichwa. Hakusogea kurudi katikati. Alikaa vile vile, na ile nafasi wazi kando yake, mpaka kengele ya watawa ilipogongwa, akaviringisha mkeka, akaunganisha viganja vyake kutuaga. Mzee Sefu akaweka mkono kifuani. Kuhani kwake kulipokewa, alhamdulillahi, jioni ile mkoba wa mawe ukafunguliwa, na mpaka leo milango ile iko wazi kwa watu wa Tanga, hata kwako wewe, kwa sababu ya shali la mzee yule.

Mama Chai amekwisha kufa. Chai alinipigia akaniambia, na majivu yake yako ukuta ule ule. Kassimu yuko hai, yuko Usagara, ana wajukuu. Kisa hiki anakisimulia kibarazani kama kichekesho: "Viatu vyangu viliwahi kutia Uthai fujo!" Na vijana wanamchekea. Nimekaa nao nikawasikia, nikaondoka bila kuaga. Si kwamba namkasirikia kwa kuviweka viatu. Kuviweka lilikuwa kosa la mazoea, na mimi ningeweza kulifanya. Namkasirikia ile nafasi mkekani. Mjane alisogea akamwachia pa kukaa, yeye akachagua soda. Hilo silimezi, wallahi.

Nawe waniambia tofali tu. Haya, twende Tongoni, kilomita chache tu kutoka hapa kwetu. Makaburi yale ya mawe yenye nguzo, nguzo zilikuwa zimepachikwa mabakuli ya kaure, kazi ya wazee waliojua uzuri. Leo nguzo zina mashimo tu. Mtu alikuja na kisu akayabandua, maana aliona ni bakuli tu. Wanakuja wageni na kaptula zao, wanakalia makaburi yale wanapigwa picha, nawe mwenyewe, Rajabu, nilikusikia kwa masikio yangu ukifoka, "Hawa hawana adabu! Pale wamelala watu!" Ulifoka vizuri, nikakusifu. Basi jicho lile lililoona Tongoni limekwenda wapi ulipofika Uthai? Au wafu wana adabu wakiwa wa kwenu tu? Usimfanyie mwenzio ambalo akikufanyia utamshikia fimbo.

Mwanangu, na nyinyi wenzake, shikeni haya niliyoyapata kwa Mzee Sefu. Nyumba ya ibada ya mtu, iwe pagoda, iwe kanisa la Walutheri huko juu milimani, iwe hekalu la Wahindi mjini, ingia kama unavyotaka mtu aingie msikitini kwako. Funika mwili wako, mabega na magoti. Viatu acha pale walipoacha wao, vikiibwa utanunua vingine, adabu haiuzwi dukani. Kizingiti kivuke, usikikanyage. Ukikaa, nyayo zako zifiche nyuma. Sanamu lao usiliguse, usilipande, usilipe mgongo ukachekea simu. Picha omba ruhusa kwanza, na kwenye majivu ya watu simu itie mfukoni. Mwanamke asimshike mtawa wala kumpa kitu mkono kwa mkono, hiyo ni desturi yao wala haikupunguzii kitu. Wakisujudu, wewe kaa kimya, hukulazimishwa. Usichokijua uliza, kuuliza si ujinga. Na ukikosea, maana utakosea tu, rudi papo hapo, kabla soda haijawa tamu.

Sasa sikiliza. Ile picha yako nimeikuza kwa vidole viwili, nikaitazama tena na tena. Nyuma yako, upande wa kushoto, chini ya ngazi, yuko mama mmoja mzee kashika fagio. Hafagii. Kasimama anakutazama. Wewe hukumwona, ulikuwa unaitazama simu. Mimi nimemwona, na usiku sikulala vizuri kwa macho yake.

Wewe bado uko huko Chantaburi mpaka wiki ijayo. Ifute hiyo picha, hilo la kwanza. Kisha vaa shati la mikono urudi pale, leo, usiseme kesho. Viatu acha mlangoni. Mtafute yule mama. Lugha huna, lakini mwili unao: keti chini kuliko yeye, unganisha viganja kama wafanyavyo wao wanapoamkiana, inamisha kichwa, umtake radhi kwa Kiswahili chako hicho hicho. Akikupa fagio, fagia. Akikufukuza, kesho yake rudi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na wewe umejivua mwenyewe mbele ya ulimwengu mzima, kuchutama hakukudhuru kitu. Mkoba wa mawe usiufungue kabla ya hapo. Nimekwisha kumwambia Chai asiangalie jiwe lako hata moja mpaka umwambie umekwenda, na Chai ananisikia, maana mji wote ule unanijua.

Nenda, mwanangu. Mola akuongozee miguu yako mahali penye heshima, akulainishie moyo wa yule mama, akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi na shingo isiyoona tabu kuinama. Akurudishe kwa mama yako salama, uso wako umeunawa, na kila mlango uliouingia ukiwa mgeni, wenyewe watamani uje tena. Amin.